Mlipuko uliovuma kaskazini na kupigwa kusini: uchambuzi wa kisa

Kabla ya yote

Kisa hiki ni cha pwani ya Tanzania. Majina ya vijiji, mafungu (sehemu za bahari zilizoinuka, zenye maji mafupi), watu na ofisi nimeyaondoa, na umbali nimeukata kwenye namba nzima ili mahali pasitambulike. Vijiji viwili vinavyohusika nitaviita cha kaskazini na cha kusini. Mimi nilikuwa msoma rekodi wa kikundi, kwa hiyo makosa mengi utakayoyaona humu yalipita mikononi mwangu.

Usuli

Uvuvi wa baruti umekatazwa, na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 iko wazi. Shida haijawahi kuwa sheria, shida ni kumkuta mtu. Baruti inapigwa, samaki wanaokotwa, na kabla boti ya doria haijawasha injini mashua imeshachanganyika na nyingine arobaini. Ndiyo maana wazo la kusikiliza chini ya maji lilivutia. Mwaka 2015 chombo kimoja kilipita pwani ya Tanzania kikiburuta maikrofoni za majini, kikanasa milipuko 318, mingi ikiwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Tukasema: kama chombo kinachopita kimesikia hivyo, vinasa sauti vinavyokaa mahali pamoja vitasikia zaidi.

Kikundi cha ulinzi wa bahari cha vijiji kadhaa kilipata vinasa vitatu vya bei nafuu, vya betri, ambavyo unavizamisha kwa uzito na kuvitoa baada ya siku kadhaa. Lengo halikuwa kuhesabu milipuko. Askari wa doria walitaka kitu kimoja tu: waambiwe waende wapi.

Vinasa vilikaa wapi

Hapa nakuomba usome taratibu, maana kisa chote kimelala kwenye aya hii. Kinasa cha kwanza tulikiweka mbele ya kijiji cha kaskazini, ndani ya mkondo wenye kina cha mita 20, chini mchanga mtupu. Mkondo huo unashuka kusini ukifuata ukuta wa mwamba hadi karibu na fungu moja lililo mbali. Kinasa cha pili kilikuwa mbele ya kijiji cha kusini, kina cha mita 9, juu ya jiwe la matumbawe ya kale lililokauka na kuwa gumu kama sakafu ya saruji. Kati yake na lile fungu pana mdomo wa mto wenye mikoko. Kinasa cha tatu kilikuwa ndani ya mwamba, kwenye nyasi za bahari, mahali ambapo maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yakijaa unapata mita 5 na yakipwa unapata mita moja na nusu.

Kutoka kinasa cha kwanza hadi cha pili ni kilomita 8. Kwenye daftari letu la siku ile, safu ya "chini kuna nini" ilikuwapo. Hatukuijaza.

Yaliyotokea

Wiki ya kwanza tu rekodi zilijaa. Kinasa cha kwanza kilipiga makelele: milipuko mikubwa, asubuhi hadi alasiri. Kinasa cha pili kilinyamaza, au ndivyo tulivyodhani. Cha tatu kilisikia mara nyingine, mara nyingine hakikusikia, na siku za bamvua kilikuwa kiziwi kuanzia saa tatu hadi saa tano asubuhi.

Tulikuwa na kanuni moja, ile iliyomo kwenye kila kijitabu: umbali ukiongezeka maradufu, sauti inapungua desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti). Niliiweka kwenye jedwali la kompyuta, nikaingiza nguvu ya kila mlipuko, na jedwali likatoa jibu bila kusita. Milipuko inapigwa mbele ya kijiji cha kaskazini, pengine kilomita moja au mbili kutoka kwenye kinasa.

Ukweli ni kwamba tulilipenda jibu hilo kabla hatujalipata. Kijiji cha kaskazini kilikuwa na jina baya la miaka ya nyuma, na kwenye kikao hakuna aliyeshangaa. Hata ukiziwi wa kinasa cha tatu tuliutafutia maelezo yanayolingana: tukaandika kwamba maji yakipwa wapigaji huhamia kaskazini zaidi, wakawa mbali nacho.

Doria ilitoka mara tatu. Mara mbili ilirudi mikono mitupu. Mara ya tatu ilikamata mashua ya mzee mmoja na mpwa wake waliokuwa wakitoka kuchokoa pweza. Ndani ya mashua hapakuwa na utambi, wala chupa, wala samaki aliyevunjika mgongo. Palikuwa na pweza kumi na mmoja kwenye kapu la ukindu na nondo mbili za kuchokolea. Wakashikiliwa hadi alasiri, kapu likiwa juani. Walipoachiwa pweza walikuwa wameanza kunuka. Siku hiyohiyo, wakati mzee yule amekaa kwenye benchi la ofisi, kinasa cha kwanza kilinasa milipuko minne.

Kijiji cha kaskazini kilijitoa kwenye kikundi wiki iliyofuata.

Nahodha na bildi

Aliyetutoa shimoni ni nahodha wa mashua tuliyokodi kutolea vinasa. Nilikuwa nimekaa tezini nikisikiliza rekodi kwa vipokea sauti, nikampa naye asikilize. Aliwahi kuwa mpiga mbizi wa majongoo ya baharini, kwa hiyo baruti ameisikia akiwa ndani ya maji, mbali na karibu.

Alisikiliza mlipuko mmoja mara mbili, akanirudishia. "Hii si ya hapa, mwanangu."

"Mzee, mbona kubwa hivi?"

"Ukubwa mwache. Baruti ya karibu inasema ta! Inakupiga kifuani, imekwisha. Hii inasema duuuu. Imevuta mkia. Hii imetembea."

Kisha akauliza kinasa cha pili kinakaa juu ya nini. Nikamwambia sijui, mawe labda. Akatoa bildi yake, kipande cha risasi chenye kishimo kitakoni, akakipaka sabuni ya mche kwenye kile kishimo, akakitumbukiza. Tulizunguka naye tangu saa mbili asubuhi hadi adhuhuri. Kila akivuta, sabuni ilikuwa imebeba habari: chembe nyeupe za mchanga kwenye mkondo, mkwaruzo mtupu kwenye jiwe, na mbele ya mdomo wa mto, tope jeusi lenye harufu ya yai bovu, na vipovu vikipanda tulipochokoa. Pale, alisema, hata nanga ikitua huisikii. Kwenye jiwe unaisikia kwa unyayo kupitia ubao wa mashua.

Ile safu tupu ya daftari tuliijaza siku hiyo, kwa kamba, risasi na sabuni.

Uamuzi wa kujaribu, na kwa nini balbu

Tulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kuhamisha vinasa na kuanza upya. Ya pili, kuviacha palepale na kupima jinsi sauti inavyopita kati ya sehemu tunazozijua. Tukachagua ya pili, kwa sababu rekodi za nyuma zilikuwa bado na thamani kama tungejua kuzisoma.

Tulihitaji mlio wa kishindo usio na baruti. Balbu za zamani za nyuzi, zile za duara, zinafaa: ndani zina gesi ya shinikizo dogo, ukiivunja moja mita kadhaa chini ya maji, maji yanajibana kwa ghafla kuziba pengo na kutoa mshindo wenye sauti za mamia ya hezi, yaani mitikisiko kwa sekunde; hezi zikiwa chache sauti ni nene. Balbu za aina moja kwenye kina kimoja hutoa mshindo unaokaribiana, na hilo ndilo tulilolitaka. Fundi wa boti alitengeneza kitundu cha nondo, balbu inakaa ndani ya kimfuko cha wavu ili vioo visianguke baharini, na chubwi nzito inateremshwa kwenye kamba kuivunja. Balbu tano za kwanza zilikataa kuvunjika kwa sababu chubwi ilikuwa nyepesi. Tukaongeza uzito.

Tukavunja balbu kila baada ya umbali fulani, mara tatu kila kituo, kwa mistari miwili: mmoja kwenye mkondo wa mchanga, mwingine kuvuka tope hadi kwenye jiwe.

Tulichokipata

Kwenye mkondo, kutoka kilomita moja hadi mbili sauti ilishuka desibeli 4 tu. Balbu ya nyumbani, kitu cha kuwashia sebule, ilisikika zaidi ya kilomita tano. Kwenye mstari wa tope, kutoka nusu kilomita hadi kilomita moja ilishuka desibeli 19, na kabla ya kilomita moja na nusu ilikuwa imezama kwenye kelele za kamba wadogo wanaoalisha makucha yao mchana kutwa kwenye matumbawe.

Desibeli 4 upande mmoja, 19 upande mwingine, na kanuni yangu ya jedwali ilikuwa ikisema 6 kila mahali.

Balbu zilitusaidia jambo la pili ambalo hatukulipanga. Saa za vinasa vile zilikuwa zikipotea hadi sekunde moja na nusu kwa siku, na ndiyo sababu tangu mwanzo tulitegemea nguvu ya sauti tukaacha muda. Katika maji yetu ya joto sauti inakwenda kama mita 1,540 kwa sekunde, kwa hiyo kosa la sekunde moja na nusu ni kosa la kilomita mbili na ushei. Lakini ukivunja balbu mahali unapopajua, vinasa viisikie, ukarudia siku ya kuvitoa, unaweza kuzirekebisha saa zote kwa hesabu. Tukafanya hivyo kwa awamu mpya ya kurekodi.

Nikachukua mlipuko mkubwa wa kinasa cha kwanza, nikarudi nyuma kwenye rekodi ya kinasa cha pili, kile "kilichonyamaza". Sekunde nne na nusu kabla, chini ya kelele za kamba, palikuwa na kivimbe kidogo. Mlipuko uliofuata, vilevile. Na wa tatu. Kinasa kilichosikia kwa shida ndicho kilichosikia kwanza. Sekunde nne na nusu ni kilomita 7: mlipuko ulikuwa karibu na kinasa cha kusini kwa kilomita 7 kuliko cha kaskazini. Vinasa viwili havikupi nukta, vinakupa mstari uliopinda ambao mlipuko uko mahali fulani juu yake. Tulipoongeza kinasa cha tatu, kwa zile saa ambazo maji yamejaa na kinasikia, mistari ilikatana kwenye lile fungu la kusini, kilomita 4 kutoka kinasa cha pili na kilomita 11 kutoka cha kwanza.

Doria ilikwenda huko alfajiri mbili mfululizo. Ya pili ilikuta chombo kikiwa na utambi na samaki waliovunjika mgongo. Hakikuwa cha kijiji chochote kati ya vile viwili.

Uchambuzi: njia ya mchanga

Sauti ikisafiri kwenye maji mafupi haiendi mbali bila kugonga chini. Inagonga sakafu, inapanda juu, inarudishwa na uso wa maji, inashuka tena, mamia ya mara. Kwa hiyo swali la kwanza ni: kila inapogonga chini, inarudi na kiasi gani?

Mchanga ulioshikana unapitisha sauti kwa kasi ya mita 1,700 hivi kwa sekunde, kasi kuliko maji. Sauti inayokuja kwa mlalo mkali, chini ya nyuzi 25 hivi kutoka kwenye sakafu, hairuhusiwi kuingia. Inaruka kama kigae watoto wanachokirusha bapa juu ya maji. Inayokuja wima zaidi inazama na kupotea. Baada ya kilomita moja au mbili kinachobaki ni ile ya mlalo, na hiyo inakwenda mbali sana kwa hasara ndogo, kwa sababu haitawanyiki tena juu na chini. Inatawanyika pembeni tu. Ndiyo maana umbali ukiongezeka maradufu tulipoteza desibeli 4 badala ya 6.

Mkia alioutaja nahodha ni sehemu ya habari hiyo. Kwenye mkondo wa namna hii sauti nyembamba na nene haziendi kwa mwendo mmoja, kwa hiyo kishindo kimoja kifupi kinanyooka njiani. Baada ya kilomita 11 kishindo chetu kilikuwa na urefu unaokaribia nusu sekunde. Pekeris alishaeleza hesabu yake mwaka 1948, akitumia milipuko iliyopigwa kwenye maji mafupi. Ningekuwa nimepima urefu wa mlio badala ya ukubwa wake tu, siku ya kwanza ningeona kwamba hauwezi kuwa wa kilomita moja.

Tope na jiwe

Tope laini linapitisha sauti kwa kasi ya maji au pungufu kidogo. Halina ule mlalo wa kuikataa sauti, inaingia tu. Tope la mikoko ni baya zaidi kwa sababu ya vipovu: majani yaliyooza yanatoa gesi, na hata gesi kidogo ndani ya tope inashusha kasi ya sauti vibaya na kuila. Mbele ya ule mdomo wa mto palikuwa na shimo la sauti, na sisi tuliweka kinasa nyuma yake.

Jiwe ndilo lililonishangaza. Mtu angedhani kwamba kitu kigumu kinarudisha sauti vizuri kuliko mchanga. Kwa matumbawe ya kale yaliyogandamana sivyo, hasa kwa sauti nene. Jiwe, tofauti na mchanga, linaweza pia kutikisika kwa kukatana ubavu kwa ubavu, na mtikisiko huo ukiwa na kasi inayokaribia ya maji, unanyonya nguvu ya sauti na kuondoka nayo chini. Watafiti wa Australia wamelikuta jambo hilohilo kwenye sakafu zao za chokaa.

Na jiwe lilikuwa na mtego mwingine. Nilipoanza kutafuta muda wa kufika, kwenye milipuko kadhaa nilishika mguno mnene uliotangulia kivimbe kwa karibu sekunde moja. Nikautumia kama mwanzo. Hesabu ikaniambia tofauti ya umbali ni kilomita 8.6, wakati vinasa vyenyewe vimeachana kilomita 8. Haiwezekani. Ule mguno haukupita majini, ulipita ndani ya jiwe, ambako sauti inakwenda zaidi ya mita 2,500 kwa sekunde. Bila kikomo hicho cha kilomita 8 ningeuamini, na tungepeleka doria mahali pengine pa uongo.

Kina, maji kupwa na nyasi

Kila mkondo una sauti nene ambayo haiwezi kuibeba. Maji yakiwa mafupi, wimbi refu la sauti nene halienei kati ya uso na sakafu, linavujia chini. Kwa sakafu ya mchanga, mita 20 za maji zinabeba kuanzia kama hezi 45 kwenda juu. Mita 5, kuanzia hezi 180 hivi. Mita moja na nusu, hezi 600. Nguvu kubwa ya baruti iko kwenye sauti nene, kwa hiyo kinasa cha tatu maji yakipwa kilikuwa kimefungiwa mlango.

Na kwenye pwani yetu bamvua hupwa karibu na saa nne asubuhi. Ule ukiziwi wa saa tatu hadi saa tano haukuwa ratiba ya wahalifu, ilikuwa ratiba ya mwezi. Mvuvi yeyote angetuambia, kama tungeuliza swali hilo badala ya kumuuliza nani anapiga.

Kulikuwa na mabaki. Siku za maji mafu, kina kikiwa karibu kilekile kutwa, kinasa cha tatu kilisikia vizuri asubuhi na kudhoofika saa saba hadi saa tisa mchana. Hiyo ni kazi ya nyasi. Jua likiwa kali zinatoa oksijeni, vipovu vinashika kwenye majani na kuning'inia majini, na vipovu ni adui wa sauti popote vilipo, ndani ya tope au juu ya nyasi.

Kilichofaa na kilichoharibika

Balbu zilifaa kuliko kitu chochote tulichonunua. Bildi ilifaa, na ingefaa mapema zaidi. Kuviacha vinasa mahali pake hadi tuvielewe kulituokolea rekodi za wiki nzima, ingawa baadaye kinasa cha pili tulikihamishia kwenye ukingo wa mkondo.

Kilichoharibika si kanuni ya desibeli 6. Ni sahihi kwa maji marefu yasiyo na sakafu karibu, na sisi tuliileta kwenye mita 9. Kosa kubwa zaidi lilikuwa kupeleka askari kwa ushahidi wa kinasa kimoja, na kuuita ukimya wa kinasa cha pili ushahidi pia. Kwamba jibu lilielekea kijiji tulichokuwa tukikishuku kulifanya tusilipime. Lingeelekea kijiji cha mwenyekiti wetu, nadhani tungevunja balbu wiki ya kwanza.

Tulikwenda kwenye baraza la kijiji cha kaskazini tukiwa na ramani na ile bildi. Mzee wa pweza alikaa mbele. Alisikiliza maelezo yote ya mchanga na tope, akasema hayo anayajua, akauliza pweza kumi na mmoja ni shilingi ngapi. Kikundi kililipa. Kijiji kilirudi baada ya miezi, kwa sharti kwamba mtu wao akae kwenye kusoma rekodi, na mpwa wa yule mzee ndiye aliyepewa kazi.

Baada ya masika tulirudia balbu kwenye vituo vilevile. Mto ulikuwa umesukuma tope jipya hadi ukingoni mwa mkondo, na mahali ambapo Februari tulipoteza desibeli 4 sasa tulipoteza 7. Tukaandika namba mpya, pamoja na tarehe, na mpwa akaiweka sabuni ya mche kwenye orodha ya vifaa vya kila safari.